Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeondoka chuoni bila kuaga

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Godoro lako liko kwangu. Nimelisimamisha nyuma ya mlango na kulifunika kwa ile leso yako ya zambarau lisiingie vumbi. Mwenye nyumba alitaka chumba chako kiwe kitupu siku ya tatu tu baada ya wewe kuondoka, nikamwomba anipe jioni moja nihamishe vitu. Vyote ninavyo: madaftari, jiko, sufuria mbili, na kile kitabu cha maktaba nimeshakirudisha kwa niaba yako ili faini isizidi kupanda.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu simu yako inaita tu bila kupokewa, na mamako akipokea yeye huniambia umelala. Jina lako sitalitaja. Lakini jana ilikuwa siku ya huduma za wanafunzi, nami nilikaa kwenye meza ya washauri rika tangu saa mbili asubuhi hadi karibu na magharibi, na kila aliyekuja kukaa mbele yangu alikuwa na kipande cha habari yako. Nikaona nikikuandikia wewe, huenda na wao wakasoma.

Mwaka jana siku kama hii ulipita kando ya uwanja mtandio umeuteremsha usoni, mwendo wa mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nilikuona. Nilikuwa nagawa karatasi, nikajiambia nitakutafuta jioni, na jioni sikukutafuta. Hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Basi nikuhadithie ulichokikosa. Turubai zilitandazwa kutoka mlango wa maktaba hadi kwenye ule mkwaju, na kamba zilifungwa kwenye matofali kwa sababu kusi ya Malindi mwezi huu haina simile. Palikuwa na meza ya mikopo, ya basari (msaada wa karo), ya bima ya afya, ya atachimenti (mafunzo kazini), ya kupima macho, na ya wanafunzi wenye ulemavu, ambapo mkalimani wa lugha ya ishara alisimama kutwa nzima bila kuketi. Mchana palikuwa na mpira, na jioni wanafunzi walipiga chakacha. Watu walifurahi. Lakini hayo utaona kwenye picha za wenzako. Mimi nataka kukuambia la mizani.

Meza ya kutoa damu ilikuwa jirani yetu. Anayetoa anatakiwa awe na miaka 16 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Alikuja kijana wa mwaka wa kwanza, mrefu, amevaa shati limepigwa pasi hadi kola inang'aa. Akajaza fomu, akavua viatu, akapanda mizani. Nesi akainama kusoma, akamwambia ashuke, akairudisha sindano ya mizani kwenye sifuri, akamwambia apande tena. Kilo 47. Nesi hakumwambia amekataliwa. Alimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Leo umekula nini, mwanangu?" Akajibu chai. "Na jana?" Akanyamaza kidogo, akasema chai.

Yule mama alivua glavu zake, akamshika mkono kama mtoto wake, akavuka naye hadi kwenye meza yetu. Hakusema neno la njaa. Alisema, "Huyu ni wenu, mkimaliza naye nitakuja kumuuliza." Mahamri na mbaazi vilikuwapo kwa ajili ya waliotoa damu, nikamletea. Alikula la kwanza taratibu, kwa adabu, na la pili akalila huku amegeuka upande wa ukuta. Baadaye tulikwenda naye kwa mkuu wa wanafunzi, akaandikishwa kwenye kazi za muda za maktaba: saa chache kwa wiki, malipo madogo, lakini ni chakula. Nafasi hizo zilikuwapo tangu muhula uanze. Hakujua, na hakuna aliyemwambia. Angejuaje kama si mizani?

Nami nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza. Hili sijakuambia. Pesa za kujikimu zilipoingia nilizituma nyumbani zote, mdogo wetu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kwa wiki tisa nilikuwa nakula mara moja kwa siku, baada ya swala ya isha ili nipate usingizi. Ulipokuja hapa ukaniona nimenyooka, ukadhani hivi ndivyo nilivyokuwa tangu mwanzo.

Kuna jambo liliniudhi jana, na nimeshalisema kwa waliopanga. Saa tano wageni rasmi walifika, meza zote zikafungwa kupisha hotuba, na hotuba zikaenda hadi saa saba. Saa mbili nzima! Niliona watu waliokuwa kwenye foleni ya mikopo wakikunja bahasha zao na kuondoka. Mtu aliyejikaza wiki nzima mpaka akapata moyo wa kuja kusema shida yake, ukimwambia asubiri saa mbili hatasubiri. Wewe ungeondoka, nakujua. Mwakani, inshallah, wageni wazungumze na meza zikiwa wazi.

Mmoja hakuondoka. Msichana kutoka upande wa Witu, alikaa kwenye mzizi wa mkwaju na bahasha ya kaki mapajani mpaka hotuba zikaisha. Foleni ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza. Karani wa mikopo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, alizitoa karatasi zake moja moja akazipanga mezani: nakala ya kitambulisho chake, cha mama, vya wadhamini wawili, barua ya kukubaliwa chuo. Kisha akafika kwenye karatasi ya babake. Akaivalia miwani. Akaisoma mbele na nyuma, akaiweka peke yake, mbali na zile nyingine.

"Hiki ni kibali cha mazishi," alimwambia. "Si cheti cha kifo."

Yule msichana akasema ndiyo karatasi pekee waliyopewa na naibu chifu. Na mimi pale pale, mdogo wangu, nikaelewa kilichokupata.

Nilikumbuka ule usiku ulipojaza maombi ya ufadhili kwenye saiba, lile duka la intaneti karibu na stendi. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Kijana alikuwa anachapa haraka kwa kuwa watu walikuwa wengi. Alipofika penye habari za baba ukamwambia marehemu, akakuomba namba ya cheti cha kifo, ukatoa kibali cha mazishi cha ami, babako, akasema namba hii haikubali. Akarudi nyuma, akaweka kuwa baba yuko hai, akaingiza namba ya kitambulisho chake, fomu ikapita. Tukashukuru. Tukalipa. Hatukujua tumefanya nini.

Mfumo wa serikali wa kufadhili masomo ya chuo kikuu ulioanza 2023 unawagawa wanafunzi kwenye bendi tano kwa kutazama hali ya nyumbani. Wa bendi ya kwanza, familia yake inaachiwa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Wa bendi ya tano, asilimia 40. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, mmoja anadaiwa 10,000 na mwenzake 80,000. Wewe ukaonekana mtoto mwenye wazazi wawili, ukatiwa bendi ya nne, asilimia 30. Yaani katika kozi kama hiyo ni 60,000, kutoka nyumba ambayo mamako anashona kofia, na kofia moja ya vito inamchukua miezi. Ukaona ile hesabu, ukajiambia chuo si cha watu kama sisi. Ukafunga begi.

Bendi ile haikuwa yako. Ilitokana na karatasi moja iliyokosekana.

Nilingoja foleni ipungue nikaenda kwa yule karani nikamuuliza mara mbili, bila kukutaja, nikaandika. Kibali cha mazishi kikishatolewa, maana yake kifo kimeripotiwa na kiko kwenye daftari la serikali, kwa hivyo kazi iliyobaki si kubwa: ni kwenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo na kile kibali, pamoja na kitambulisho cha mamako, na kuomba cheti. Kikishatoka, unakata rufaa ya bendi na kukiambatisha. Kuhusu lile kosa la fomu, alisema liandikwe wazi kwenye rufaa, jinsi lilivyotokea, bila kuficha. Alishaona mengi ya namna hiyo. Na fomu ya basari ya eneo bunge uichukue huko huko Lamu Magharibi, kwa kuwa huko ndiko mnakopiga kura, uilete ipigwe mhuri hapa.

Najua utaniambia la riba. Tulishalizungumza sana juu ya dari usiku wa joto. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, ile iliyoundwa kwa sheria ya 1995, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na wenzetu wengi wa pwani wanasita kwa ajili ya dini. Sikulaumu, na sitakusukuma. Kamuulize shekhe wako, umweleze hali yako yote, na atakalokuambia ulifuate. Ila usichanganye mambo: ule ufadhili wa serikali, yaani skolashipu, haurudishwi, na basari hairudishwi. Wewe uliviacha vyote kwa pamoja kwa sababu vilikuwa kwenye ukurasa mmoja.

Na aibu je? Siku moja uliniambia, "Dada, mimi siwezi kusimama foleni ya kuombaomba." Neno hilo lilinichoma kwa sababu sisi tumezaliwa Lamu. Tumekua tukiwaona vijana wanatoka nchi za mbali kuja kusoma dini kwenye chuo cha Riyadha, wanasoma na kulala pale pale, na hatujapata kumsikia mtu wa mtaani kwetu akiwaita ombaomba. Tunawaita wanafunzi, tunawapisha njia. Unawaonaje wale kuwa na heshima, halafu wewe mwenyewe ukajinyima heshima hiyo hiyo?

Sasa nisikilize hapa, kwa kuwa ndipo palipo haraka. Hujafukuzwa. Nimekwenda kuulizia. Unahesabiwa kama mtu ambaye hajajisajili muhula huu, basi. Chuo chetu kinaruhusu kuahirisha masomo ukiandika barua kwa mkuu wa kitivo na kueleza sababu, na nafasi yako inakungoja. Kinachowamaliza watu ni kimya. Wasichana wawili wa darasa lenu walikaa kimya mwaka mzima, na walipotaka kurudi wakaambiwa waanze maombi upya. Wewe bado uko ndani ya muda.

Barua nimekuandikia mswada. Usibadilishe mengi, andika kwa mkono wako, weka tarehe, tia sahihi. Usione haya kutaja kifo cha baba na madeni ya karo, ofisi ile imesoma mazito kuliko hayo. Ukitaka kuzungumza na mshauri nasaha kabla ya kurudi, yule mama wa chumba cha mwisho kabisa, karibu na ngazi, anapokea simu, na anayosikia hayatoki mle ndani. Mimi mwenyewe nilikwenda kwake mwaka wa pili. Nililia saa nzima kabla sijasema neno, naye hakuangalia saa hata mara moja.

Kaka yako nimeshazungumza naye. Jumatatu hana safari ya kuvua, atakwenda nawe na mamako ofisi ya usajili. Kaeni na kibali kile, msikitoe moja kwa moja, toeni nakala kwanza. Barua ya kuahirisha usiisubirishe cheti, itume kesho: itie kwenye bahasha, mpe nahodha wa boti ya alfajiri ya Mokowe aikabidhi kwa kondakta wa basi la kwanza, juu uandike jina langu na namba yangu ya simu. Nitakuwa stendi ya Malindi kuanzia saa saba mchana, na ofisi ya kitivo hufungwa saa kumi na moja, kwa hivyo itafika siku hiyo hiyo.

Na ukiamua kuja nayo mwenyewe, usinipigie kama hutaki. Ufunguo wa pili wa chumba changu uko kwa yule mama wa mbaazi pale kona. Nimemwambia anaweza kuja mtu kuuchukua.

Dadako,
Malindi