Riwaya hukwama kwenye jicho, si kwenye tahajia

Mhariri,

Kila msimu wa kuwasilisha miswada unapokaribia, iwe kwa wachapishaji au kwa mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, waandishi chipukizi hukimbilia kusahihisha tahajia. Hiyo ni kazi ya mwisho. Kinachoangusha riwaya nyingi ni kasoro ambayo kompyuta haiipigii mstari mwekundu: ndani ya tukio moja, msomaji hajui anatazama kwa macho ya nani.

Ukaguzi wake hauhitaji vifaa vingi. Weka mswada kando mwezi mzima, kisha uchape kwenye karatasi. Andaa jedwali la safu nne: tukio, mahali, nani anaona, na anajua nini mpaka hapo. Kila tukio lipate mstari mmoja. Riwaya ya maneno 60,000 yenye matukio ya maneno 1,200 hivi itakupa mistari 50, jedwali la kurasa mbili au tatu tu. Safu ya nne ndiyo hufichua madudu: mhusika anamtuhumu mjomba wake katika tukio la 14, kumbe habari yenyewe anaipata katika tukio la 19.

Baada ya hapo chukua kalamu za rangi, rangi moja kwa kila mhusika, upige mstari chini ya kila wazo, hisia na dhana. Tukio likitoka na rangi mbili, chunguza kama ulikusudia.

Kiswahili kina mitego yake hapa, na vitabu vya uandishi vilivyotungwa kwa lugha nyingine haviigusi. Kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke, wala mtazamaji na mtazamwa. Tazama sentensi hii: "Zuhura alimkazia macho Mwanaidi, akajua anamwogopa." Nani anamwogopa nani? Mwandishi haoni utata kwa sababu tayari yumo kichwani mwa Zuhura. Dawa si kurundika "yeye". Rudisha jina, au igawe sentensi.

Kuna pia vitenzi vya mwelekeo. Ukiandika "Baba alikuja sebuleni", jicho liko sebuleni. Kama anayeona amebaki jikoni, baba "alikwenda". "Huyu" na "yule" hupima umbali vivyo hivyo. "Kumbe" ni la mtu anayegundua papo hapo. Ukiliandika kuhusu mimba ya Rehema katika tukio la Salimu, ilhali Salimu hatajua hadi sura ya tisa, umeshamtoroka. "Eti" ni la asiyeamini, basi tujue asiyeamini ni nani. Hata majina husaliti: mwanamke mmoja akiitwa Mama Asha, Bi Halima na "shangazi" katika ukurasa mmoja wa masimulizi, hayo ni macho matatu.

Wengine wakikwama huamua kuigeuza riwaya nzima kutoka nafsi ya tatu kwenda ya kwanza, wakiiachia programu ya kompyuta ibadilishe maneno kwa mkupuo. Msifanye hivyo. "Alimwambia" huwa "nilimwambia" pale shujaa anaposema, lakini huwa "aliniambia" pale anapoambiwa, na mashine haijui tofauti. "Hakujua" inageuka "sikujua", "asijue" inageuka "nisijue", "-ake" inakuwa "-angu" mahali fulani na kubaki ilivyo pengine. Ni kazi ya mkono, sentensi kwa sentensi. Gharama kubwa zaidi ni maarifa: kila tukio ambalo shujaa hakulishuhudia lazima lifutwe, au lipate mtu wa kumsimulia. Asiyekuwa tayari kupoteza matukio hayo abaki na nafsi ya tatu.

Nasisitiza jambo moja, maana wahariri wengine wamelifanya sheria: msimulizi anayejua yote si kosa. Ngano zetu zimesimuliwa hivyo tangu zamani. Lakini ajitambulishe mapema, kurasa za kwanza, kwa sauti yake mwenyewe. Akijitokeza ukurasa wa 90 baada ya sura saba za kumfuata mtu mmoja, msomaji ataona mwandishi amepitiwa.

Jicho likihitaji kuhama, lihame kwenye mapumziko: acha mstari mtupu, kisha mtaje mwenye jicho jipya katika sentensi ya kwanza. Kama hujui tukio umpe nani, jaribu yule atakayepoteza zaidi humo. Mwisho mpe msomaji asiyeijua hadithi kurasa tano bila maelezo, umwombe aandike pembeni ya kila aya jina la anayeona. Anapoweka alama ya kuuliza, rudi hapo kabla hujagusa tahajia.

Msomaji wa miswada,
Dar es Salaam