Mashine imesomea joto kwenye nyasi

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu wataalamu wanaokadiria joto la hewa la Nairobi kwa picha za setilaiti na akili unde nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Gazeti lenu nalisoma tangu ujana na sijawahi kuwaandikia. Leo mmenichokoza.

Miaka 19 kazi yangu ilikuwa kusoma vipimajoto. Kisanduku cheupe cha mbao zenye mianya, juu ya nyasi, kipimajoto kikiwa usawa wa kifua. Unafungua, unasoma upesi kabla pumzi yako haijakipasha, unaandika kwa penseli. Hilo ndilo joto la hewa. Setilaiti huona joto la ngozi ya ardhi: lami, paa, majani. Mawingu yakitanda haioni kitu, na Julai yetu mnaijua. Tena bati jipya linalong'aa hutoa mionzi michache ya joto, basi likitazamwa toka juu huonekana limepoa, hali ukiligusa unababuka. Ndipo kompyuta huitwa ipatanishe: inapewa picha, inapewa vipimo vya vituo, inajifunza kukisia pale pasipo na kituo. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nauliza tu, vituo viko wapi? Dagoretti, uwanja wa ndege wa Wilson, na ule wa Jomo Kenyatta (JKIA). Uwanja, upepo, nyasi zilizofyekwa. Mwanafunzi aliyesomea nyasi mnampa mtihani wa mabati, kisha mnachapisha ramani ya rangi ukurasa mzima! Na picha za joto za setilaiti kama Terra na Aqua, kila kijipande chake ni kilomita moja kwa kilomita moja. Kilomita moja, mhariri! Hiyo yatosha kutia Muthaiga ya matajiri na Mathare yetu ya mabati kwenye chungu kimoja, sisi tukagawiwa kivuli cha miti ya wenyewe.

Februari simu yangu ilisema digrii 28. Nikaiamini, mimi mzee wa vipimajoto, nikaenda matangani nikiwaacha kuku wangu wa nyama, wa wiki tano, kwenye banda la mabati. Nilirudi saa kumi. Kuku 23 wamelala, mbawa wazi, midomo wazi, na maji yao yana uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Nikatundika kipimajoto changu humo: 39. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu.

Banda hilo lilikuwa na kivuli cha mjakaranda. Mti ulikatwa usiku ili bango la soda lionekane vizuri kutoka barabarani. Nani alitoa kibali? Niliuliza ofisi tatu, nikaelekezwa ya nne, nayo ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana, saa tisa. Kisiki sasa ni kiti cha vijana wa bodaboda, ambao jua likiwa utosini hukiacha na kujibanza ukutani kama mijusi. Hao nao setilaiti iwapige picha.

Wakitaka mashine ijue Mathare, walete vipimajoto 12. Visitundikwe kwa chifu wala kanisani, ambako kuna dari. Kimoja kiwe nyuma ya choo cha kulipia, kingine kwa mama wa chapati, kimoja bandani mwangu, ambamo sasa kuna nafasi tele. Nitavisoma mwenyewe kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Penseli ninayo. Daftari waje nalo.

Msomaji wa vipimajoto, mstaafu
Mathare, Nairobi