Kwa vijana wangu mnaouza dawa za miti

Assalaam alaykum wanangu,

Juzi sokoni Wete nilishikishwa kichupa cha asali iliyochanganywa na unga wa mbegu za mbarika (wengine huuita mnyonyo), mbichi, zimesagwa na maganda yake. "Inasafisha tumbo, bi mkubwa. Ya asili hii, haina madhara." Nani kakufunza? Bibi zetu mbarika waliikaanga, wakaitwanga, wakaitia maji na kuichemsha mpaka mafuta yakaelea, wakaengua kwa upawa, kisha wakayarejesha motoni yakauke maji. Kazi ya kutwa. Nyinyi mna mashine na haraka.

Sumu iliyomo kwenye mbegu hizo inaitwa risini. Ni protini: haichanganyiki na mafuta, hubaki kwenye mashudu, na moto mkali huiharibu. Mtafiti Peter Hermann Stillmark aliieleza mwaka 1888, wakati huko kwetu upawa ulishazoea kazi. Ikiingia kwenye seli huzizuia kutengeneza protini zake, nazo zikafa. Mtu hula asubuhi yuko mzima, saa kadhaa baadaye anatapika na kuharisha damu. Dawa ya kuizima hakuna. Hospitali humtundikia maji na kupambana na dalili. Mbegu ikimezwa nzima huweza kupita salama, ikitafunwa ndiyo balaa. Na wewe, mwanangu, umemtafunia kwa mashine, ukamtilia na asali asisikie ladha!

Mturituri: majani yake matamu watu hutafuna kwa kikohozi, lakini zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi zina abrini, kali kuliko risini. Msizitoboe kuwa shanga za watoto. Mbegu za mbono kaburi nazo ziacheni. Mashudu ya mbarika asipewe mbuzi. Mja mzito asinyweshwe mafuta yake ili uchungu uje upesi. Jani la mbarika la kukandia goti, hilo endeleeni nalo.

Siwalaumu nyinyi peke yenu. Zahanati ikikosa dawa, mtu aende wapi? Na daktari akimfokea mgonjwa kwa kunywa miti, wa pili ataficha, atibiwe kwa kubahatisha. Kwa hiyo mteja wenu akizidiwa, mpelekeni wenyewe, na mbegu mkononi, mseme mlichompa. Aibu ni yenu, tumbo ni lake.

Anayetaka kujifunza kupika mafuta aje kwangu baada ya alasiri. Aje na mbegu zake na kuni, mimi chungu ninacho.