Risala ya kikundi chetu cha fidla Bagamoyo kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi, wageni waalikwa na nyie wadogo zetu mliokaa kwenye mikeka hapo mbele, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote kwa ujumla hamjambo.

Karibu sana Bagamoyo mama yetu. Risala nyingi tulizozisikia zinaanza na historia ya kikundi, zinakuja changamoto, zinamalizia na maombi ya hela, sisi leo tumekubaliana tuanze na wewe, kwa sababu watoto hawa walikuwa hawajawahi kumwona kwa macho mtu aliyeishi kwa fidla maisha yake yote. Fidla wanaijua ya taarabu, ile ya wazee wa Culture Musical Club kule Unguja wamekaa kwenye viti wamevaa makoti, lakini mama wa pwani kama mama zao, aliyekaa kwenye orkestra Ulaya miaka na miaka akipiga Beethoven na Brahms, halafu akaiacha ile nafasi akaenda kufundisha, halafu akapewa chuo akiongoze, hilo kwao ni jipya kabisa.

Asubuhi ulipowaambia kwamba kwenye orkestra ulikuwa unakaa fidla za pili, kuna binti akauliza kwani fidla za pili ndo wale waliofeli? Hukumjibu kwa maneno. Ulimwambia mwalimu wetu apige sauti ya juu ya ule wimbo wanaoujua, wewe ukaingia chini yake, na mlipofika katikati ukanyamaza ghafla, yani hapohapo kila mtu aliona muziki umepwaya, umekonda, na yule binti mwenyewe ndo akawa wa kwanza kusema rudi mama rudi. Halafu ukamwita, ukamshika mkono wa kulia, ukakuta kidole gumba amekikaza kama anashika mpini wa jembe, ukakikunja taratibu ukamwambia upinde unalala wenyewe juu ya nyuzi, uzito wake unatosha, wewe kazi yako ni kuusindikiza tu. Ile sauti ya kukwaruza ilikata. Tumemfundisha yule mtoto muda mrefu na hatukuwahi kuipata sauti ile, tunasema ukweli kabisa mbele ya wazazi wake.

Mama, tumesoma kidogo habari za watu wa kazi yako na tukagundua kitu ambacho kimetugusa sana, kwamba waliopiga vizuri ni wengi ila waliofanya fidla iendelee baada yao ni wale waliogeuka wakafundisha na wakasimamia nyumba ya muziki isianguke. Mpiga fidla Yehudi Menuhin alikuwa maarufu dunia nzima toka yuko mtoto, ila 1963 akaanzisha shule ya muziki Uingereza, na 1977 akaanzisha Live Music Now, mpango wa kuwapeleka wanamuziki vijana wakapige kwa watu wasioweza kwenda ukumbini, mahospitalini, magerezani, kwa wazee. Isaac Stern naye, mpiga fidla wa Marekani, mwaka 1960 ukumbi wa Carnegie Hall pale New York ulikuwa unataka kubomolewa, ukumbi wa toka 1891, yeye ndo akakusanya watu wakapambana mpaka jiji likaununua, akabaki rais wa ule ukumbi mpaka anafariki 2001. Hebu fikiria mtu ana matamasha kila kona ya dunia na bado anakaa vikao vya kuokoa jengo! Vikao mama unavijua wewe, umetuambia kuna mwaka uliandika barua za kuomba ufadhili nyingi kuliko saa ulizoshika fidla, na sisi tunaona huo nao ni upigaji wa fidla, tena ule mgumu.

Na hapa kwetu tusijifanye hatuna mfano. Mzee Hukwe Zawose, Mungu amrehemu, alitoka Dodoma na zeze lake na ilimba yake, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, Mwalimu Nyerere ndo alimvuta aje kwenye kikundi cha taifa, na baadaye akawa hapahapa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho toka 2007 ndo TaSUBa tunayoijua, yani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Alizunguka dunia akapiga majukwaa makubwa, ila alirudi akafundisha, na ukoo wake akaufanya bendi, mpaka alipofariki 2003 tayari kulikuwa na watoto na wajukuu wanaolishika zeze. Na zeze la Kigogo linapigwa kwa upinde kama fidla, kwa hiyo mtoto wa hapa anaposhika upinde hajashika kitu cha ugenini, ndugu yake yupo hapa zamani tu.

Sasa hali yetu. Tunakutana jioni baada ya shule, watoto ni wengi kuliko fidla, wanapokezana. Adui yetu mkubwa ni bahari, ndo hii tunayoipenda. Masika vile vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba vinagoma kuzunguka, ukilazimisha unavunja, kiangazi vinalegea uzi unafyatuka wenyewe usiku uko kwenye boksi. Nywele za upinde nazo zikinywa unyevu zinarefuka. Kuna fidla mbili zilifumuka ubavuni, tukapeleka kwa fundi wa fanicha akazipiga gundi ya mbao ya kisasa zikashika kweli, leo umeziangalia ukatueleza kwamba gundi ya fidla ni ile ya ngozi ya mnyama, inawekwa makusudi ili siku mbao zikivutana iachie gundi, isipasuke mbao. Tulikuwa hatulijui hilo. Hizo mbili sasa zina ufa juu, na wewe umesema moja inapona.

Mama, hela tunazihitaji, hatutakuficha, nyuzi ni ghali na hazipatikani hapa. Ila ombi letu la kwanza siyo hilo. Tunaomba uwachukue wawili kati ya vijana wetu wakubwa uwafundishe kufundisha. Siyo kupiga, kufundisha. Sisi wenyewe tumejifunza kwa kubahatisha, mwingine kwa video, mwingine kwa mjomba anayepiga taarabu, na makosa yetu ya kidole gumba tunayarithisha kwa watoto bila kujua. Yule mwalimu wa Japani, Shinichi Suzuki, alisema kama kila mtoto anaweza kuongea lugha ya mama yake basi anaweza na muziki, na alikuwa anamfundisha mzazi kwanza kushika fidla ndo mtoto afuate. Kwa hiyo wazazi mliopo hapa mjiandae, tukipata hao walimu wawili tutawaita na nyie mje mkae, hata ukitoka sokoni na kapu lako njoo, ukijua tu fidla inashikwaje utamrekebisha mwanao nyumbani.

La pili, kijana wetu mmoja anapenda sana useremala, tunaomba umuunganishe na fundi wa kweli wa fidla ajifunze hiyo gundi ya ngozi na kuchonga vigingi, maana tukiwa na fundi wetu Bagamoyo hata wenzetu wa Unguja wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi wanaweza kutuletea kazi.

La tatu ni kwako mwenyekiti wa mtaa, tunaomba chumba kimoja chenye mlango unaofungwa na kisichovuja, jioni tu, asubuhi kitumike na wengine.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi hao vijana wawili wakirudi hawataondoka kwenda mjini kabla hawajaacha wengine waliowafundisha, wazazi wao wako hapa na wamekubali.

Mheshimiwa mgeni rasmi, watoto wameandaa wimbo mmoja, na yule binti wa asubuhi ameomba mwenyewe akae fidla za pili. Tunaomba uwasikilize, halafu utujibu.

Tunaomba kuwasilisha.