Shukrani kwako, kijana wa tuktuk

Mwanangu, jina lako sikuuliza. Jumapili niliisahau kwenye tuktuk yako picha ya Joe Kadenge, yule mwanasoka wetu wa zamani, niliyoifunga kwa leso, nikienda Mwembe Tayari, hapa Mombasa, tulikokutana mashabiki wa Ingwe, yaani klabu ya AFC Leopards, kumkumbuka. Alipofariki mwaka 2019 nililia kama nimefiwa na ndugu. Basi ukaturudia, umeikumbatia kifuani, kioo hakina hata ufa. Wazee wakasimama. Mmoja akapaza sauti, “Kadenge na mpira!” vile alivyokuwa akitangaza redioni Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa hapa hapa kwetu Frere Town. Nauli ya kurudi uliikataa, na chai hukungoja. Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie.