Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bango Nyuma ya Mlango

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Ya fedha mhazini atawasomea, ada zinachechemea kama kawaida na ambao hawajalipa wanajijua, mi nafasi yangu naitumia kwa jambo moja tu: tafiti tunazowasilisha kongamanoni halafu hatuziandiki makala.

Kongamano letu lilifana, watu walisikilizia mpaka mlangoni. Sasa majuzi nahamisha vitu ofisini nikakuta nyuma ya mlango bango langu la kongamano la zamani, limekunjwa na raba bendi, kona imeshatafunwa na panya. Utafiti wa upungufu wa damu kwa wajawazito, jasho langu la miezi, na hakuna jarida lililowahi kuiona kazi ile. Kwa hiyo nikisema tunazembea naanza na mimi mwenyewe.

Na sio sisi tu jamani. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, ule mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya ripoti 425, humo mna abstrakti, yaani muhtasari wa utafiti, zaidi ya 307,000 za makongamano ya afya, zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili ni kama asilimia 37. Majaribio yale ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu ndo yana nafuu, karibu 60. Halafu utafiti wenye matokeo mazuri unachapishwa zaidi kuliko uliokuta dawa haijasaidia kitu, na hapo ndo pananiuma, maana mwenzako wa wilaya nyingine atahangaika na kitu kilekile kumbe jibu limeviringishwa nyuma ya mlango wa mtu.

Watafiti wakiulizwa kwa nini hawakuandika, sababu inayotajwa sana ni muda. Wengi hata hawajakataliwa, hawajatuma kabisa. Nawaelewa, ukitoka zamu ya usiku nani ana hamu ya kupanga majedwali.

Ila kuna wanaoniambia wanaogopa, eti abstrakti ikishatoka kwenye kitabu cha kongamano jarida litasema kazi imeshachapishwa. Hapana bwana! Miongozo ya ICMJE, ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inaruhusu, we mwambie mhariri tu kwamba iliwasilishwa wapi. Na zile imeili zinazokuita profesa mtukufu na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, futeni.

Mwakani naomba waliowasilisha wabaki siku moja zaidi, laptop zifunguliwe tuandike pamoja, chai ya chama. Bango langu nimeshalipangusa, nakuja nalo.