Kabla Hujanunua Waya wa HDMI kwa Ajili ya TV ya Chogo

Mteja anauweka waya mezani. Upande mmoja kuna kichwa cha HDMI, upande wa pili vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu. "Fundi, nimeuchomeka kila namna, TV haionyeshi kitu. Niangalizie, labda umekatika."

Haujakatika. Ni mzima kabisa, na kwenye TV ile hautafanya kazi hata siku moja.

Mmoja tuliwahi kuupasua kwa wembe mbele ya mwenyewe, kwa ruhusa yake. Ndani ya kichwa cha HDMI hamkuwa na kitu zaidi ya nyuzi chache zilizoungwa kwa risasi moja kwa moja kwenye pini. Hakuna chipu, hakuna bodi. Mwenyewe alicheka, ila cheko la mtu aliyekwishatoa hela yake.

HDMI, iliyotoka mwaka 2002, hupeleka picha kwa tarakimu: sifuri na moja, mfululizo, kwa kasi kubwa mno. TV ya chogo tarakimu haizijui. Yenyewe inasubiri umeme unaopanda na kushuka kama wimbi, mwangaza na rangi vikiwa vimefumwa pamoja ndani ya waya mmoja wa njano. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia. Kuunga nyuzi za upande huu na za upande ule hakutafsiri chochote. Kati yao lazima akae mkalimani, na mkalimani huyo ndiyo konveta: kisanduku kidogo chenye chipu ya kupokea tarakimu na kutoa mawimbi.

Konveta ya kweli utaijua kwa umeme. Chipu lazima ile, na tundu la HDMI linaahidi miliampea 55 tu kwa volti 5, kiasi ambacho hakitoshi kwa visanduku vingi vya aina hii. Ndiyo maana huja na kawaya ka USB pembeni. Kachomeke kwenye chaja ya simu. Ukiletewa kifaa cha kutoa HDMI kwenda AV, yaani yale matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, ambacho hakina mahali pa kuingizia umeme, kigeuzegeuze na uulize mara mbili kabla ya kulipa.

Lakini kabla hata ya konveta, fanya jambo moja ambalo linatukosesha mauzo na bado tunalisema: geuza king'amuzi chako utazame mgongoni. Vingi bado vina matundu ya AV, ama matatu ya rangi, ama tundu moja dogo la duara linalofanana na la earphone. Kama yapo, huhitaji konveta, unahitaji waya wa AV tu. Hilo tundu dogo lina mtego wake, maana mpangilio wa pete kwenye kichwa cha waya hutofautiana kati ya kifaa na kifaa. Ukisikia mvumo mahali pa sauti na picha haipo, jaribu kuchomeka nyekundu au nyeupe mahali pa njano. Mara nyingi picha imejificha humo.

Ikiwa konveta haikwepeki, angalia uelekeo. Ya kutoa HDMI kwenda AV na ya kutoa AV kwenda HDMI zinafanana kama mapacha: plastiki ileile, ukubwa uleule, matundu yaleyale. Hazigeuziki. Mwenye king'amuzi au laptop ya kisasa na TV ya chogo anahitaji ya kwanza. Mwenye deki ya zamani na TV ya flati anahitaji ya pili. Soma maandishi yaliyo kando ya tundu: penye INPUT ndipo pa kuingizia kile kinachotoa picha.

Ukishaunganisha, shika rimoti ya TV ubonyeze AV. Usicheke. Kuna konveta nzima zimerudishwa kwetu kwa sababu TV ilikuwa bado kwenye chaneli ya antena, inaonyesha chenga. Picha ikija bila rangi, au ikawa inapanda kama ngazi, tafuta swichi ndogo ubavuni iliyoandikwa PAL na NTSC, uisukume upande wa pili. Hiyo ni mifumo miwili tofauti, mmoja wa mistari 625 na mwingine wa mistari 525, na TV nyingi za zamani zinaujua mmoja tu. Picha ikiwa safi lakini sauti hakuna, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, upande wa sauti, uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa. Konveta hizi hazielewi sauti iliyobanwa kwa ajili ya spika za sinema.

Kuna tatizo moja linalotuletea lawama bure. Menyu inaonekana, picha za matangazo zinaonekana, ila filamu ikianza tu kioo kinakuwa cheusi. Huo ni ulinzi wa HDCP. Chanzo cha picha kinataka uthibitisho kwamba kilichounganishwa kinaruhusiwa kuonyesha kazi ile, na kikiukosa kinafunga. Konveta haijaharibika, wala sisi hatuna swichi ya kulizima.

Sasa ubora. TV ya chogo ya mfumo wa PAL inaonyesha mistari 576 ya picha, wakati king'amuzi kinaweza kutoa 1080. Karibu nusu inatupwa njiani. Kwa mpira na tamthilia hutajali, ila weka umbo la picha kwenye 4:3, la sivyo wachezaji wote watakuwa wembamba kama njiti. Kwa laptop tunakushauri uache. Maandishi yanakuwa ukungu, na hakuna konveta, iwe ghali namna gani, itakayoyasafisha. Mtu akituambia anataka kuandikia barua kwenye chogo, tunamwelekeza kwenye monita iliyotumika yenye VGA, tundu la picha la kompyuta za zamani.

VGA nayo, ya mwaka 1987, ni ya mawimbi vilevile, lakini picha yake ni kali kwa sababu kila rangi ina njia yake. Adapta ya HDMI kwenda VGA ni ndogo na mara nyingi inatosheka na umeme wa laptop. Waya wa VGA haubebi sauti, kwa hiyo chagua adapta yenye tundu la earphone. Projekta ya zamani ikikuandikia kwamba haiwezi kuonyesha picha hiyo, punguza ukubwa wa picha kwenye laptop hadi 1024 kwa 768. Kwa wenye laptop za USB-C: si kila tundu la umbo hilo linatoa picha, mengine ni ya chaji na mafaili tu.

Kuna TV kongwe zaidi, zisizo na tundu la AV kabisa, zina la antena peke yake. Nazo zinawezekana, ila baada ya konveta unaongeza modyuleta inayogeuza picha kuwa chaneli, halafu unaitafuta kwenye TV kama unavyotafuta kituo. Tusichokushauri ni kumpa mtu aifungue chogo akuwekee tundu, labda awe fundi hasa. Kioo kile hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ukitaka tukuchagulie, tutumie picha mbili: mgongo wa TV na mgongo wa kile unachotaka kuunganisha. Futa vumbi kwanza na uwashe tochi. Tumeshawahi kuona tundu jeupe tukauza waya, kumbe ni la njano lililopauka.